Foto ni ya siku moja tu: kusoma mukia wa ndege za kwanza za jeti

Tunazoea kusema kama foto ni shahidi mwenye hadanganyi. Mimi naona foto ni shahidi mwenye aliona siku moja, fasi moja, kitu kimoja. Kisha sisi wasomaji tunamulazimisha atoe ushuhuda wa miaka yote ya vita. Shahidi anasema paka kile aliona. Uongo tunauongeza sisi wenyewe.

Kwa kuonyesha hiyo nachagua mufano wa mbali: mikia ya ndege za kwanza za jeti, zile za Ujerumani na za Uingereza mu vita ya pili ya dunia. Wamoja watauliza: agronomu anatafuta nini mu mukia wa ndege ya vita? Wandugu, mungoje kidogo. Mu hii habari kuna hata majani yenye kuungua, na pale sasa niko kwetu.

Kwanza, kwa nini mukia? Ndege ya panga inatupa upepo wa panga yake nyuma, na ule upepo unapiga mukia. Hata ndege ikitembea polepole, rubani iko na kitu cha kushika. Ndege ya jeti haina ule upepo. Tena inatupa moto nyuma, na ule moto haufai kugusa mukia. Kwa hiyo wale wenye walichora ndege za kwanza za jeti walisumbuka sana na mukia, kila mutu na jibu yake. Gloster Meteor ya Waingereza, yenye iliruka mara ya kwanza tarehe 5 mwezi wa 3, 1943, iko na mabawa madogo ya mukia yenye kuwekwa juu sana, mbali na moto wa motere zake mbili. De Havilland Vampire, tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka ule ule, haina mukia wa kawaida: miti mibili inatoka ku mabawa na kubeba mukia kule nyuma, moto unapita katikati. Heinkel He 162 ya Wajerumani, tarehe 6 mwezi wa 12, 1944, ilibeba motere yake ku mugongo, basi wakapasua mukia kuwa vipande vibili vya kusimama, kimoja kila upande.

Kwa hiyo mutu akiangalia mukia anaangalia fasi yenye mawazo ya wafundi yalibadilika zaidi. Tena ku mukia njo kulikuwa alama za kutambulisha ndege: Wajerumani walikuwa wanaandika pale namba ya kiwanda, Waingereza walikuwa wanapaka mistari ya nyekundu, nyeupe na buluu. Ni kama carte d'identité ya ndege. Na sisi wote tunajua carte d'identité inasema nini, na haisemi nini.

Tuanze na Messerschmitt Me 262, ndege ya kwanza ya jeti yenye ilifanya kazi ya vita kwa wingi. Kuna foto zake zenye zinaonyesha panga ku pua. Mutu mwenye hajui anacheka: "Hiyo ni ya kutengeneza na kompyuta." Hapana. Ile ya kwanza kabisa, V1, iliruka tarehe 18 mwezi wa 4, 1941 na motere ya panga ku pua, juu motere za jeti zilikuwa hazijakuwa tayari. Foto ni ya kweli. Yenye ilikosewa ni mawazo yetu kama "Me 262" ni kitu kimoja chenye kilizaliwa kizima.

V3, yenye iliruka na jeti tupu tarehe 18 mwezi wa 7, 1942 ku uwanja wa Leipheim, iko na fundisho kubwa zaidi. Mu foto tunaiona chini, pua juu, mukia umekaa ku gurudumu ndogo ya nyuma, sawa ndege za zamani. Sasa angalia kwa akili. Panga hakuna, basi upepo wa kupiga mukia hakuna. Na vile mwili unainama nyuma, mabawa makubwa yanafunika mukia mbele ya hewa. Mbele hata ya kusoma kitabu, unaweza kuuliza: huyu rubani atainua mukia na nini?

Hilo swali njo lilimupata Fritz Wendel siku ile. Ndege ilikimbia, lakini mukia ulikataa kuinuka. Dawa yenye walipata inaogopesha: ikifika karibu kilometa 180 kwa saa, rubani anagusa freni kidogo. Ndege inainamisha pua, mukia unapanda, unaingia mu hewa nzuri, na sasa unafanya kazi. Wendel alifaulu. Mwezi wenye ulifuata, rubani mwingine, Heinrich Beauvais, alijaribu ile ile V3, mukia haukupanda vizuri, na ndege ikaharibika. Nyuma ya pale wafundi walihamisha gurudumu ya mukia, wakaiweka chini ya pua. V5, yenye iliruka tarehe 6 mwezi wa 6, 1943, ilikuwa ya kwanza na gurudumu ya mbele.

Sasa tupime foto ya V3 imetupatia nini. Imetupatia swali zuri. Haikutupatia jibu. Kugusa freni hakuonekani mu foto hata ukiongeza ukubwa mara mia. Kunaonekana mu ripoti ya rubani. Lakini ukikuta foto ya Me 262 imekaa ku mukia, na chini wameandika "1945, ndege za vita tayari kuruka", unaweza kukataa yale maneno bila kuogopa. Foto inaweza kuvunja maneno ya chini yake. Ile nguvu tunaisahau, juu wengi wetu tunasoma maneno kwanza, kisha tunaangalia foto paka kwa kuthibitisha.

Mufano wa pili uko London, mu Science Museum. Pale kunatundikwa Gloster E.28/39, namba W4041, ndege ya kwanza ya jeti ya Waingereza. Rubani Gerry Sayer aliirusha ku Cranwell tarehe 15 mwezi wa 5, 1941, dakika 17. Ni ndege yenyewe, haiko mufano wa mbao. Mutu anaingia, anaipiga foto na simu, anaandika: "Hii njo iliruka 1941." Ni kweli. Lakini ku mabawa ya kulala ya mukia kuna vibawa vibili vidogo vya kusimama, na siku ya Sayer havikuwa pale. Viliongezwa nyuma, wakati wa majaribio ya mwendo wa kasi, kwa kutuliza ndege isiyumbe.

Hapa sasa iko kinyume na tulivyozoea. Tunafikiri kitu chenyewe kinashinda foto yake. Kwa mukia wa W4041, foto ya zamani njo inasahihisha kitu chenyewe. Chuma kilibeba mabadiliko yote ya maisha yake mpaka ku museo. Foto ya 1941 ilibaki ku siku yake. Ule ufinyu wenye nilikuwa nalaumu mu mwanzo njo nguvu yake. Foto ni ya siku moja: shukuru kwa hiyo, lakini usiidai siku ya pili.

Na siku gani? Mukia unasaidia hata pale. Katikati ya 1942 jeshi la anga la Uingereza lilibadilisha ile mistari mitatu ya ku mukia. Mbele ilikuwa na upana sawa. Nyuma, nyeupe ya katikati ikakuwa nyembamba sana. Ukiona nyeupe nyembamba, unajua foto haikupigwa mbele ya ile amri. Lakini ukiona mistari sawa, usikimbilie kusema ni ya 1941: pengine ni ndege yenye haijapakwa upya. Alama mupya inakufungia mulango upande mumoja tu. Mu oditware tulifundishwa vile vile: dalili ikipatikana, inasema kitu, dalili ikikosekana, bado haijasema kitu.

Tuingie ku rangi, maana pale njo watu wanapoteana zaidi. Foto nyingi za ile vita ni nyeusi na nyeupe, lakini filme zote hazikuona rangi namna moja. Filme za aina ya ortokromatiki hazikuona nyekundu: nyekundu inatoka karibu nyeusi, njano inakuwa giza, buluu inakuwa nyeupe-nyeupe. Filme za pankromatiki ziliona rangi zote, na nyekundu na buluu zinaweza kutoka kijivu chenye kufanana. Basi mistari ile ile ya ku mukia, ndege ile ile, jua lile lile, filme mbili: unapata mikia mibili. Mutu mwenye hajui filme gani ilitumika anaweza kuandika kurasa kumi juu ya rangi yenye haikukuwa.

Ndiyo maana sina heshima nyingi kwa zile foto za zamani zenye wanaweka rangi na programu, zenye zinazunguka kila siku ku simu zetu. Ni nzuri kwa macho, nakubali. Lakini programu haijui ile kijivu ilikuwa nini. Inachagua. Na ikichagua, inafuta alama ya kwamba ilichagua. Kijivu cha zamani kilikuwa kinakuambia: "Hapa sijui." Kijani cha programu hakikuambie kitu. Watu wenye kufanya hiyo kazi kwa uzito wanaeleza rangi walizipata wapi. Wengi hawaeleze, na sisi tunapiga "j'aime".

Sasa majani niliyoahidi. Wakati wa vita Waingereza walikuwa na nyumba kubwa, Danesfield House, ku Medmenham. Kule wanaume na wanawake walikuwa wanasoma foto zenye zilipigwa kutoka juu, ndani ya ndege. Fikirieni kazi yenyewe. Me 163, ndege ndogo ya roketi ya Wajerumani, iko na upana wa mabawa wa karibu metre 9,3. Ku foto ya kipimo cha 1 kwa 10.000, ule upana haufike milimetre moja. Mukia wake utauona namna gani?

Waliuona na njia tatu. Ya kwanza: foto mbili za fasi moja, zenye kupigwa kutoka sehemu mbili, kisha kuangaliwa na miwani ya stereoskopu; vitu vinainuka kutoka ku karatasi. Ya pili: kivuli. Mukia wa Me 262 unafika karibu metre 3,5 juu ya ardhi. Jua likiwa ku digrii 30, kivuli chake kinafika karibu metre 6. Mukia wenyewe, ukiangaliwa kutoka juu, ni mustari mwembamba. Kivuli njo kinachora sura yake chini. Ya tatu: udongo na majani. Mu foto za Peenemünde za mwezi wa 6, 1943, Constance Babington Smith, mwenye aliongoza sehemu ya ndege, alitambua vindege vidogo bila mabawa ya kulala ya mukia, na wakavipa jina "Peenemünde 30", kwa upana wao wa karibu futi 30. Alama za giza ku majani ya kiwanja zilikuwa kati ya vitu vilivyosaidia kuelewa kama pale kuna ndege zenye kutupa moto nyuma.

Kwa mutu wa agronomia, hii njo sehemu nzuri kupita zote, na njo sehemu ya kuangalia na jicho kali. Majani yakiwa giza mu foto ya kutoka juu, sababu ni nyingi: moto, mafuta yenye kumwangika, maji yenye kukaa, udongo wenye kukanyagwa, hata majani mapya yenye kuota sana. Alama moja haitoshi. Yenye inatosha ni mupango wake: inaanzia fasi ndege inasimama, inaelekea nyuma ya mukia, inakuwa nyembamba mbele na pana nyuma, na inarudia ku foto za siku zingine. Mustari mumoja unaelekeza ku motere moja, miwili sambamba ku motere mbili. Hiyo ni akili ile ile ya kutembea mu shamba la muhogo. Jani moja la njano si ugonjwa. Angalia zinapangana namna gani mu shamba lote. Na kuna magonjwa ya muhogo, sawa ule wa michirizi ya kahawia, yenye inaoza mizizi wakati majani bado yanaonekana karibu mazima. Pale foto ya jani haitoshi. Chimba.

Kuchimba kunanileta ku foto za mwisho. Mwishoni wa mwezi wa 3, 1945, Hans Fay, rubani wa kujaribu ndege wa Messerschmitt, alitua na Me 262 mupya, namba 111711, ku uwanja wa Rhein-Main wenye ulikuwa mu mikono ya Waamerika. Waliipiga foto kila upande. Ile ndege ilikuwa haijapakwa rangi. Aluminiamu iko wazi, na ku maungano ya mabati, mwili wote, tunaona mastiki yenye walipaka kwa kufunika nafasi. Wapenzi wa ndege wanazipenda sana hizi foto, juu zinaonyesha chuma kilifungwa wapi na wapi, vitu vyenye rangi inaficha.

Nao wanasoma vizuri. Wanahesabu misumari, wanapima maungano, wanabishana juu ya kipande cha mukia kwa miaka. Mimi nawaheshimu, bila wao tusingejua nusu ya yale niliandika hapa. Lakini hapa njo nawalaumu. Mara nyingi wanakaribia mukia mpaka wanasahau mikono. Viunzi vya miili ya Me 262 vilikuwa vinatengenezwa mu mahandaki ya St. Georgen, Austria, na wafungwa wa kambi ya Gusen, tawi la Mauthausen. Maelfu walikufa pale, na njaa, na kazi, na kupigwa. He 162 nayo ilitengenezwa chini ya ardhi ku Hinterbrühl, na wafungwa. Sisemi kama 111711 ilipita mu mikono ya mufungwa fulani. Foto haisemi, na mimi sitailazimisha. Nasema kama mutu anaweza kujua upana wa mustari mweupe ku mukia mpaka ku santimetre, na asijue nani alikuwa anafunga mabati ya ile aina ya ndege, basi hajamaliza kusoma. Ile mbio ya kutengeneza, mastiki ku maungano, ni sehemu ya habari ile ile moja.

Kuna wenye watanijibu: foto ni foto, wacha watu wapende ndege zao. Nawaelewa. Ila mimi naandika toka Mashariki ya Kongo, fasi foto haiko mapenzi ya jumapili. Kila mara vita ikikaribia, simu zinajaa foto: maiti ya mwaka mwingine, kambi ya inchi ingine, gari lenye kuungua lenye tuliisha kuliona mara tatu na majina matatu ya vijiji. Familia inafunga matandiko usiku na kukimbia na watoto juu ya foto. Ingine inabaki, juu foto ya jana ilikuwa ya uongo, na ya leo ni ya kweli. Sisi wenye lisanse njo tunaulizwa mu parcelle: "Wewe mwenye ulisoma, hii ni kweli?" Na mara nyingi tunajibu na moyo, hatujibu na jicho.

Wale wa Medmenham walikuwa na milimetre moja ya karatasi na walijibu na jicho. Sisi tuko na foto yenye kujaza kioo kizima. Basi mbele ya kutuma, tuulize yale mukia wa ndege ulituuliza. Foto hii ni ya siku gani, na ndani yake kuna alama gani yenye inakataza siku ingine? Kivuli, majani, mvua, nguo, vinasema kitu kimoja na maneno ya chini, ao vinagombana nayo? Nani aligusa hii foto kisha, rangi ao makasi? Na nani hayuko mu foto, lakini bila yeye foto isingekuwa?

Kama jibu la swali la kwanza ni "sijui", andika "sijui" juu ya foto mbele ya kuituma kwa mama yako. Ao uiache ku simu yako.